Betri ya pili kwenye gari la kambi: namna ya kulala nyikani na kuamka gari likiwaka

Likizo za shule zinapokaribia, familia nyingi za wazungumzaji wa Kiswahili hapa Australia huanza kupanga safari za kupiga kambi. Friji ndogo ya volti 12 huwekwa nyuma ya gari, taa hutundikwa hemani, na simu za watoto huchomekwa kila palipo na tundu. Vyote hivyo hula umeme wa gari. Swali ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamekwisha kuchelewa ni hili: vinakula kutoka betri ipi?

Kwa ufupi

- Betri inayowasha injini haikuundwa kuendesha friji usiku kucha. Ikiisha mbali na watu, safari ya furaha hugeuka kuwa hatari.
- Betri ya pili hubeba mzigo wa kambini, nayo betri ya kwanza ikabaki na kazi moja tu: kukurudisha nyumbani.
- Moto katika magari haya mara nyingi hutokana na waya mwembamba au waya usio na fyuzi. Fyuzi inahitajika karibu na kila betri.
- Kazi ya nyaya za kudumu za umeme wa volti 230 ni ya fundi umeme mwenye leseni pekee.

Kwa nini kusukuma gari si jibu tena

Chukua mfano wa familia iliyofika kambini Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Friji yao, ambayo huwaka na kuzima yenyewe, inatumia wastani wa ampea 2. Ifikapo Jumapili saa mbili asubuhi, saa 38 zimepita na friji imekwisha kutumia ampea-saa 76. Betri ya kuwashia ya magari mengi ina uwezo wa takriban ampea-saa 60 hadi 80 inapokuwa mpya na imejaa. Kwa hiyo familia hiyo isingefika Jumapili. Huenda gari lingegoma kuwaka tangu Jumamosi, hasa ikiwa ni la dizeli, kwa sababu injini ya dizeli huhitaji nguvu nyingi zaidi ili kuzungushwa.

Nyumbani tulizoea kuwaita vijana watano wasukume, dereva akaachia klachi, na gari likaitika. Njia hiyo haifanyi kazi kwa gari la gia otomatiki, na mengi ya magari ya safari yanayouzwa hapa leo ni ya namna hiyo. Isitoshe, vijana wa kusukuma hawapo. Barabara ya Birdsville, iendayo kutoka Marree katika jimbo la Australia Kusini hadi Birdsville katika jimbo la Queensland, ina urefu wa kilomita 517, na katikati yake kuna kituo kimoja tu cha mafuta, Mungerannie. Sehemu kubwa ya njia hiyo haina mtandao wa simu za mkononi. Jangwa la Simpson lililo jirani hufungwa kwa wageni kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi kwa sababu ya joto kali. Mahali kama hapo, gari lisilowaka ni tatizo la maji, la kivuli na la uhai.

Kuna pia mzigo ambao hauonekani kwenye orodha ya vifaa vya kambi. Katika familia zetu wapo wazee wanaotumia insulini. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika nyuzi joto 2 hadi 8, na ikiganda huharibika. Wapo pia watu wanaolala na mashine ya kuwasaidia kupumua. Kwao, umeme wa usiku ni sehemu ya matibabu.

Betri mbili, kazi mbili

Wengi wetu tuliokulia vijijini, iwe Afrika Mashariki au mashariki mwa Kongo, tunaikumbuka betri ya gari iliyokaa chini ya meza ya televisheni. Kila baada ya siku kadhaa ilifungwa nyuma ya baiskeli na kupelekwa sokoni kuchajiwa kwa malipo. Mwanzoni chaji moja ilitosha wiki nzima. Baada ya miezi michache ikawa siku mbili. Mwishowe betri haikushika chaji kabisa, na lawama zikamwangukia muuzaji. Yawezekana betri ile haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa imepewa kazi isiyo yake.

Betri ya kuwashia ina bamba nyingi nyembamba za risasi. Umbo hilo huiwezesha kutoa mkondo mkubwa sana, mamia ya ampea, kwa sekunde chache tu wakati stata inapozungusha injini. Injini ikishawaka, altaneta huirudishia haraka kile kidogo ilichotoa. Betri hiyo haipendi kumalizwa. Kila inapoishiwa kabisa, bamba zake huharibika na uwezo wake hupungua moja kwa moja.

Betri ya matumizi ya muda mrefu, ambayo hapa huuzwa kwa jina la «deep cycle», ina bamba nene zaidi. Hutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi, na huvumilia kushuka na kujazwa tena mara nyingi. Hii ndiyo betri ya pili inayozungumziwa katika makala haya. Siri yote ya mpangilio huu ni kwamba betri hizo mbili huunganishwa wakati injini inapofanya kazi, ili zote zipate chaji, na hutenganishwa injini inapozimwa. Hapo friji inaweza kuimaliza betri ya pili hadi tone la mwisho, na bado asubuhi gari litawaka.

Piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Kosa la kawaida ni kununua betri kwanza na kuuliza mahitaji baadaye. Anza na karatasi na kalamu. Kwa kila kifaa, zidisha ampea zake kwa idadi ya saa kinazofanya kazi kwa siku. Jibu ni ampea-saa. Ikiwa kifaa kimeandikwa wati tu, gawanya wati kwa 12 ili upate ampea.

Hesabu ya familia ya watu wanne katika siku ya joto inaweza kuwa hivi:

- Friji ya lita 40 hadi 50: takriban ampea-saa 40
- Taa mbili za LED, kila moja nusu ampea, kwa saa nne: ampea-saa 4
- Simu nne kujazwa mara moja: takriban ampea-saa 8
- Feni ndogo ya nusu ampea kwa saa nane: ampea-saa 4

Jumla ni ampea-saa 56 kwa siku. Friji ndiyo mlaji mkuu, na hula zaidi kadiri joto linavyopanda na kadiri mlango unavyofunguliwa. Kuipoza nyumbani kwa umeme wa ukutani usiku wa kuamkia safari, kisha kuipakia vyakula ambavyo tayari ni baridi, hupunguza kazi yake ya siku ya kwanza.

Jihadhari na vifaa vya joto. Birika la umeme la jikoni hutumia wati 2,000 au zaidi. Kwenye betri ya volti 12 hiyo ni karibu ampea 200, kiasi ambacho mpangilio wa kawaida hauwezi kukibeba. Maji ya chai na yachemshwe kwa gesi.

Betri ya aina gani?

Katika maduka ya hapa, chaguo mbili ndizo zinazotawala.

Ya kwanza ni AGM, betri ya risasi iliyofungwa ambayo asidi yake imenywewa na pamba ya kioo na hivyo haimwagiki. Bei yake ni nafuu na ni mvumilivu. Lakini ukitaka idumu, usitumie zaidi ya nusu ya uwezo wake. Betri ya ampea-saa 100 inakupa 50 tu za kutumia, nayo ina uzito wa takriban kilo 30.

Ya pili ni lithiamu ya aina ya LiFePO4. Hii huruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi ya uwezo wake, hupokea chaji kwa kasi, na ile ya ampea-saa 100 huwa na uzito wa kati ya kilo 10 na 14 hivi. Bei yake ya mwanzo ni kubwa zaidi. Ndani yake mna kifaa cha kielektroniki kinachoilinda. Chaji ikiisha kabisa au joto likizidi, kifaa hicho huikata betri yenyewe. Haipaswi kuchajiwa ikiwa imepoa chini ya nyuzi sifuri, jambo la kukumbukwa na wanaopiga kambi milimani wakati wa baridi.

Turudi kwenye hesabu yetu. Familia inayotumia ampea-saa 56 kwa siku haitamaliza siku nzima kwa AGM moja ya ampea-saa 100. Kwa lithiamu ya ukubwa huo huo itafika karibu siku moja na nusu. Ukitaka kukaa mahali pamoja zaidi ya hapo, unahitaji njia ya kuijaza.

Chaji itatoka wapi?

Chanzo cha kwanza ni altaneta ya gari. Zamani mafundi walitumia relei inayosikiliza volti. Injini ikiwaka na volti zikapanda kupita kiasi fulani, kwa kawaida zaidi kidogo ya 13, relei hufunga na betri mbili huungana. Injini ikizimwa na volti zikashuka, relei hufungua. Ni kifaa rahisi, na kwenye magari ya zamani yenye betri mbili za risasi zinazofanana bado kinafaa.

Magari mengi ya miaka ya karibuni, hata hivyo, yana altaneta inayodhibitiwa na kompyuta. Ili kuokoa mafuta, kompyuta hushusha volti mara tu inapoona betri ya mbele imetosheka. Relei hudhani injini imezimwa na hukata. Matokeo yake ni msafiri aliyeendesha gari saa sita, akafika kambini, na kukuta betri ya pili haijajaa hata nusu.

Suluhisho ni chaja iitwayo DC-DC. Hupokea volti zozote zinazotoka mbele, iwe 12.5 au 14, na kuzipandisha au kuzishusha hadi kiwango ambacho betri ya pili inakihitaji. Aina nyingi zina sehemu ya kuchagua aina ya betri, kama ni AGM au lithiamu. Chaja ya ampea 25 inaweza kurudisha hadi ampea-saa 25 kwa saa moja ya safari, kwa hiyo mwendo wa saa mbili na robo unatosha kulipa deni la siku moja la familia yetu. Kwa gari lenye altaneta ya kompyuta, waya mwembamba wa ziada huunganishwa na swichi ya ufunguo ili chaja ijue kwa hakika kwamba injini imewashwa.

Chanzo cha pili ni jua. Paneli ya wati 200 ikipata saa tano za jua zuri, na tukitoa karibu theluthi moja inayopotea kwa joto, vumbi na pembe mbaya, huleta takriban ampea-saa 55 kwa siku. Kiasi hicho karibu kinalingana na mahitaji yetu. Paneli ya kubebeka inayowekwa juani huku gari likikaa kivulini huzaa zaidi kuliko iliyofungwa juu ya paa la gari lililoegeshwa chini ya mti. Hata kivuli cha tawi kikifunika pembe moja tu ya paneli, umeme hupungua sana.

Waya na fyuzi: hapa ndipo moto huanzia

Umeme wa volti 12 hauwezi kumrusha mtu, na kwa sababu hiyo wengi huudharau. Lakini betri moja ikipata shoti inaweza kutoa mamia ya ampea kwa ghafla, na waya usio na fyuzi hugeuka kuwa kama koili ya jiko ndani ya sekunde. Kila anayefunga mfumo huu anapaswa kushika kanuni nne.

Kwanza, fyuzi mbili kwenye waya mkuu. Waya unaotoka betri ya mbele kwenda nyuma una chanzo cha umeme kila upande, mmoja ukiwa betri ya gari na mwingine betri ya pili. Ukikatika au ukichubuka katikati na kugusa bodi, betri zote mbili zitautilia moto. Kwa hiyo fyuzi moja hukaa karibu kabisa na betri ya mbele na nyingine karibu na betri ya nyuma, ndani ya sentimita 20 au 30. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya, hivyo ukubwa wake usizidi kile ambacho waya unaweza kubeba. Kwa chaja ya ampea 25, watengenezaji wengi huelekeza fyuzi ya ampea 40. Fuata maandishi ya chaja yako.

Pili, unene wa waya. Waya mwembamba hupoteza volti njiani. Kutoka boneti hadi nyuma ya gari ni kama mita 6, na kurudi mita 6 nyingine. Kwa mkondo wa ampea 25, waya wenye shaba ya milimita za mraba 6 hupoteza karibu volti 0.9, wenye milimita za mraba 16 hupoteza karibu 0.3 tu.

Hapa pana mtego unaowanasa wageni wengi. Kwenye maduka ya vipuri vya magari, waya ulioandikwa «6 mm» haumaanishi milimita za mraba 6 za shaba. Namba hiyo hupima unene wa waya pamoja na ganda lake la plastiki. Shaba iliyomo ndani ni takriban milimita za mraba 4.6. Soma maandishi madogo kwenye roli, utafute eneo la shaba, na uzielewe ampea zilizoandikwa kwa tahadhari.

Tatu, njia ya waya. Usiupitishe karibu na bomba la moshi, wala ubavuni penye mifuko ya hewa ya usalama. Unapopita kwenye tundu la bati, weka pete ya mpira, la sivyo bati litaukata ganda polepole katika kila kilomita ya barabara yenye mawimbi. Uvike mrija wa plastiki na uufunge kila baada ya kipande kifupi usicheze.

Nne, viungo. Ncha za waya mnene zibanwe kwa kifaa maalumu cha kubania, zisigongwe kwa nyundo. Kiungo kilicholegea hupata joto, na joto hilo hukilegeza zaidi. Barabara za changarawe hulegeza hata nati iliyokazwa vizuri, basi zikague kila baada ya siku chache za safari.

Betri ikae wapi?

Chini ya boneti ni karibu na altaneta, lakini ni penye joto kali. Watengenezaji wengi wa betri za lithiamu hukataza kuziweka hapo, na wengi wa AGM pia. Betri ya risasi ya majimaji, kwa upande wake, haifai kuwekwa ndani ya gari pamoja na abiria, kwa sababu inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka.

Popote utakapoichagulia, ifunge kwa fremu ya chuma iliyobanwa kwa bolti kwenye bodi. Katika ajali, betri ya kilo 30 isiyofungwa hurukia viti vya mbele kwa nguvu nyingi kuliko uzito wake mara kadhaa. Kamba ya mpira haitoshi. Kumbuka pia kwamba betri, friji, paneli na maji vyote huhesabiwa katika uzito wa juu unaoruhusiwa kisheria kwa gari lako.

Kwa watu wanaolala ndani ya gari au karavani, ipo kanuni ya kitaalamu ya Australia na New Zealand, AS/NZS 3001.2, toleo la mwaka 2022. Inahusu karavani na magari yenye makazi yanayounganishwa na umeme. Miongoni mwa mambo mengine, inataka betri ya lithiamu iwekwe kwa namna ambayo gesi yake, ikitokea hitilafu, haiwezi kuingia mahali watu wanapolala. Hata kama gari lako halimo ndani ya mipaka ya kanuni hiyo, busara yake inabaki ile ile.

Hatua za kuunganisha, kwa mpangilio

1. Zima injini, toa ufunguo, kisha ondoa waya wa hasi wa betri ya mbele kwanza. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, shoti itatokea mkononi mwako.
2. Funga fremu ya betri ya pili na chaja mahali pake, ukiiachia chaja nafasi ya kupata hewa.
3. Pitisha nyaya kutoka mbele hadi nyuma. Fyuzi zote ziwe nje ya vishikio vyake katika hatua hii.
4. Unganisha hasi. Kwenye magari yenye kihisi juu ya nguzo ya hasi ya betri, unganisha kwenye bodi au mahali palipoelekezwa na mtengenezaji. Ukiunganisha moja kwa moja kwenye nguzo, kompyuta haitaona umeme unaotoka.
5. Unganisha chanya, kisha friji na taa, kila moja ikiwa na fyuzi yake ndogo.
6. Kagua tena chanya na hasi zisibadilishane. Tia fyuzi mwisho, na rudisha waya wa hasi wa mbele baada ya kila kitu.
7. Washa injini na upime volti kwenye betri ya pili. Ikiwa haijajaa, zinapaswa kupanda wazi juu ya kiwango cha awali.

Kazi hii ya volti 12 mtu mwenye uangalifu anaweza kuifanya mwenyewe au kumpa fundi umeme wa magari. Mambo hubadilika ukitaka nyaya za kudumu za volti 230, kama vile tundu la kuingizia umeme wa uwanja wa kambi au inveta iliyofungwa kwenye saketi za gari. Hiyo kisheria ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, na umeme huo huua. Aidha, ni vyema kuiarifu kampuni yako ya bima kuhusu mabadiliko uliyoyafanya kwenye gari.

Kwa asiyetaka kutoboa gari lake, au anayetumia gari la kuazima, ipo njia nyepesi: boksi la betri la kubebeka, linalojazwa nyumbani kwa umeme wa ukutani na kuongezewa na paneli ya jua kambini. Halihitaji kuguswa kwa betri ya gari hata kidogo.

Jaribu nyumbani, ukosee nyumbani

Kabla ya safari, egesha gari mbele ya nyumba, jaza betri ya pili, washa friji na uiache saa 24. Ifikapo asubuhi, soma volti. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7; ikifika 12.2 imebaki nusu, na ni wakati wa kuichaji. Kwa lithiamu kipimo hicho hudanganya, kwa kuwa volti zake hubaki karibu palepale hadi zinapokaribia kwisha. Kwa hiyo ifungie kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Wakati chaja inafanya kazi, gusa kila kiungo juu ya ganda lake: penye joto la kuunguza pana kasoro.

Hata mpangilio mzuri unaweza kukwama. Usitegemee kuwasha injini kwa betri ya pili ya lithiamu, kwa sababu kifaa chake cha ulinzi kinaweza kukata mkondo mkubwa wa stata. Beba kiwashio cha dharura kilichojazwa. Beba pia maji ya ziada na kifaa cha mawasiliano kisichotegemea minara ya simu: simu ya setilaiti au kinara cha dharura cha masafa ya 406 MHz, ambacho husajiliwa bila malipo kwa Mamlaka ya Usalama wa Bahari ya Australia. Ukiwa na redio ya UHF, chaneli ya 5 ni ya dharura.

Ukikwama, kaa na gari lako. Gari huonekana kutoka angani upesi kuliko mtu anayetembea, na lina kivuli. Penye mtandao, piga 000. Asiyezungumza Kiingereza aseme kwanza huduma anayoihitaji, yaani polisi, zimamoto au gari la wagonjwa, kisha ataje lugha yake na asikate simu. Ataunganishwa na mkalimani.

Yote haya yanaweza kuonekana mengi kwa ajili ya soda baridi na taa ya hemani. Lakini yanajengwa juu ya kanuni moja ambayo mtoto anaweza kuishika: betri ya kurudi nyumbani haiguswi. Anayeilinda hiyo anaweza kukosea katika mengine na bado akawa na hadithi ya kuchekesha ya kusimulia.

*Makala haya yanatoa maelezo ya jumla. Kwa gari lako mahususi, fuata mwongozo wa mtengenezaji na uombe ushauri wa fundi aliyehitimu.*